Uso wa Buluu Mbele ya Saluni

Mnaponitambulisha kwa wageni, nyinyi vijana wa ateliye, karakana yetu ya sanaa, husema kwamba mimi ndimi mama wa nyuso za buluu, niliyechukua sanaa ya wazee wa Kirega nikaipa rangi ya mto Lualaba. Ni maelezo mazuri, na mgeni mmoja aliyaandika kabisa. Lakini Lualaba mnauona kila siku, ni wa kahawia kama chai ya maziwa, na mimi buluu sikuichagua kwa kuipenda. Nilikuwa na kopo moja tu lenye rangi ya kutosha, na nilikuwa naogopa kufa. Sasa mikono yangu imekataa brashi na funguo nimewaachia, kwa hiyo nawaandikia jinsi ilivyokuwa. Mkitaka kuendelea kuwaambia wageni habari za mto, endeleeni, sitawakataza.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kurani hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu. Watoto walikuwa wakiandika kwenye vibao vya mbao kwa wino wa masizi, na mimi kazi yangu ilikuwa kuvisafisha vibao na kuchanganya wino. Ndiyo maana nilijua herufi kabla ya kujua kuchora. Baba hakunikataza kazi ya rangi. Alichonikataza ni kuchora macho, maana kwake mwenye kutia macho anajipa kazi isiyo yake. Nikaanza na vibao vya maduka. Cha kwanza kilikuwa cha duka la dawa, na kwa kuwa sikupima ubao, herufi za mwisho zilibanana kama abiria. Mwenye duka alikiangalia, akasema wagonjwa watadhani hata dawa zake hazitoshi. Nilikirudia bure. Tangu hapo, kabla ya kugusa rangi, napima, na nyinyi pia nawasihi mpime.

Mzee Kikuni alinikuta nikiandika ukutani pa baa moja karibu na soko. Alikuwa mchongaji, Mrega wa upande wa Kama kule Pangi, mtu mfupi mwenye mabega makubwa na maneno machache. Alikuwa akichonga vinyago na kuwauzia watu wa reli na wageni waliokuwa bado wanafika Kindu siku zile. Alisimama nyuma yangu mpaka nikakosea herufi kwa kuona aibu, kisha akaniuliza kama naweza kuweka rangi kwenye mbao bila kuizamisha. Nilimjibu naweza. Sikuwa nimewahi kujaribu.

Siku ya kwanza ateliyeni kwake hakunipa rangi. Alinipa rundo la majani makavu ya ule mti wa porini, makali kama msasa, akaniambia nilainishe mbao. Nililainisha mpaka vidole vikatoka damu. Jioni akachukua kile nilichofanya, akakipitisha shavuni kwake, akanirudishia. Kesho yake hivyo hivyo. Alikuwa na tezo mbili, visu vya ncha iliyopinda alivyotengeneza mwenyewe kwa chuma cha springi ya gari, na vipande vya chupa iliyovunjika vya kukwangulia. Kipande cha chupa ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Hivi sasa mna mashine ya umeme, lakini umeme wa Kindu mnaujua wenyewe.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba tunavyouza ni vya soko, na vya kweli ni vingine. Vya kweli vilikuwa ndani ya kapu, na kapu lilikuwa kwa kaka yake mkubwa kijijini, kwa niaba ya Bwami, ile jamaa ya wakubwa wa Warega ambayo mtu huingia hatua kwa hatua na kufundishwa maisha kwa kuonyeshwa vitu. Asiyeingizwa haonyeshwi. Kikuni mwenyewe alikuwa ameingizwa, na nilipomuuliza siku moja vitu hivyo vinafananaje, aliniongezea majani ya kulainishia.

Kitu kimoja tu alinifundisha juu ya tofauti, na hicho alinifundisha kwa ajili ya kazi. Kinyago cha soko hakina mgongo. Mnunuzi anakitundika ukutani, kwa hiyo nyuma unaacha alama za tezo, hakuna anayelipia nyuma. Cha kweli si cha ukutani. Kinashikwa mkononi, kinapitishwa kwa mwenzako, kinalazwa chini, kinafungwa kwenye ua, kinarudi mkononi. Uso unapakwa pemba, ule udongo mweupe, kila kinapotolewa. Lakini mgongo na kingo zinapata mafuta ya mikono ya watu, baba na mwana na mjukuu, mpaka zinang'aa kwa namna ambayo hakuna moshi wala mawese ya fundi yanayoweza kuiiga. Wanunuzi wajanja hawaangalii uso. Wanageuza.

Kisha vita vikaja. Sitaeleza nani alipigana na nani. Kila mmoja wenu ana mjomba wa kumweleza hayo, na wajomba hawakubaliani. Nitasema tu mambo ya kazi. Treni ikaacha kuja, na rangi ilikuwa inakuja kwa treni. Mji ulikuwa mikononi mwa wenye silaha, na nje ya mji, msituni, walikuwapo wenye silaha wengine, na mashamba yetu yalikuwa katikati yao. Ukienda shambani upande huu wanakuita jasusi wa upande ule. Watu walikula majani ya muhogo bila muhogo. Hakuna aliyetaka kibao cha duka, maana duka lenye kibao kizuri lilikuwa linaonekana.

Woga ule nataka muuelewe, kwa sababu ndio uliofanya kazi zote mnazozisifu. Haukuwa wa kupiga kelele. Nilikuwa nikisikia buti barabarani naacha kupumua, buti zikipita napumua, na kati ya hapo nikawa nafanya kazi. Niliacha kuimba nikifanya kazi, na hata leo sijarudia.

Alikuwapo komanda mmoja, jina lake silitaji, aliyekaa katika nyumba kubwa karibu na mto. Na pamoja naye alikuwapo mfanyabiashara mgeni tuliyemwita Miwani, kwa sababu hakuivua hata mvua ikinyesha. Miwani alikuwa ananunua madini yaliyotoka Kampene na kwingineko, na madini yakipungua alinunua vitu vya zamani. Kununua ni neno la heshima. Walikuwa wakienda nyumba ya mzee fulani, Miwani anageuza vitu, Komanda anakaa, na mwisho kitu kinaondoka kwa ndege na mzee anabaki na uso uliovimba. Mzee mmoja wa mtaa wetu alikataa kusema kapu lake liko wapi. Tulimzika.

Habari zikafika kwamba kijiji cha Kikuni kimechomwa. Kabla ya kukimbia, wakubwa walikuwa wamegawana vitu vya kapu, kila mmoja akabeba kimoja, wakitumaini kwamba hata wengine wakifa, vingine vitapona. Kaka yake Kikuni alikufa njiani. Kile alichokuwa amebeba kililetwa Kindu na mwanamke wa kijiji kile, katikati ya fungu la sombe, majani ya muhogo. Alimkabidhi Kikuni, akapumzika, akaondoka.

Asubuhi moja Kikuni alinijia nyumbani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alikuwa amekumbatia fungu kifuani.

"Zaituni, uko na rangi gani?"

"Buluu tu, Muzee. Ile ilibaki ku milango ya duka ya dawa. Na nyekundu kidogo chini ya kopo ingine."

"Buluu njo nzuri," akasema, kama mtu anayechagua kitambaa. Akafungua fungu.

Kilikuwa kinyago kidogo, kama kiganja changu na vidole. Uso wa umbo la moyo, macho membamba, pua ndefu, ndevu za nyuzi. Pemba ilikuwa imeshikana juu yake tabaka juu ya tabaka. Nilitazama mara moja nikageuza kichwa.

"Muzee, mi sina ruhusa ya kuona hii kitu."

"Mi njo mwenye kuichunga sasa. Na mi njo nakwambia uione." Alikigeuza, na mgongo wake ukawaka kwenye mwanga wa mlango. "Miwani akiona hii, ataijua. Nataka uipake rangi ikuwe kama zile za soko. Mbele na nyuma. Yote."

"Wewe njo fundi. Upake wewe."

"Nilijaribu. Mukono ilikataa."

Nilimwambia kwamba mkono wangu nao unakataa, na kwamba mimi ni mtoto wa mwalimu, baba yangu alinikataza hata macho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wameshafika kwa jirani yake wa kushoto, na kwamba kama kuna kosa, atalijibu yeye kwa wakubwa wake, walio hai na wasio hai. Tukaenda ateliye. Nilipaka. Brashi ya kwanza ilipogusa ule mgongo niliiweka chini, nawaambia ukweli, nikatoka nje, nikarudi nikaendelea. Nilipaka buluu pande zote, midomo myekundu, vidoti vyekundu mashavuni kama vile walivyovipenda watu wa reli. Ndevu Kikuni alizitoa mwenyewe akaziweka mfukoni. Kilikuwa kibaya sana. Tuliridhika.

Lakini tulisahau jambo ambalo fundi yeyote wa rangi hapa mjini anapaswa kulijua, na ninyi msilisahau. Rangi ya mafuta, wakati wa mvua, Kindu, haikauki kesho. Na juu ya mbao iliyoshiba mafuta ya mikono ya watu, haikauki hata kesho kutwa. Inakaa juu kama utando wa maziwa. Ukiivuta kwa kidole, inatoka yote na kuacha kilicho chini.

Na kesho yake wakaja.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, kinyago kimetundikwa nyuma yangu kwenye kamba pamoja na vya soko. Buti zilisimama mlangoni. Komanda aliingia akakaa kwenye kiti cha Kikuni, mlinzi wake akabaki mlangoni na bunduki, Miwani akaanza kazi yake. Alishusha kinyago cha kwanza, akakigeuza, akaona alama za tezo, akakitupa. Cha pili, akakitupa. Alikuwa anasogea. Kikuni alisimama ukutani na tezo mkononi, akiangalia miguu yake mwenyewe.

Hapo nikafanya kitu bila kufikiri. Nilinyoosha mkono nikashusha kile kinyago kwenye kamba kabla Miwani hajakifikia, nikakiweka magotini, nikachovya brashi, nikaendelea kukipaka rangi. Nilifikiri kwamba kitu kibichi mikononi mwa fundi wa rangi ni kazi tu, hakuna anayekistaajabia.

Miwani akafika. "Na hii?"

"Ingali mbichi, Patron. Itakuchafua."

Akakichukua hata hivyo, kwa ncha za vidole, akakigeuza. Buluu ikamshika kidoleni. Akakunja uso. Nilidhani ameshamaliza. Lakini akabaki anaangalia nyuma.

"Kwa nini umepaka hata mugongo?" akauliza. "Hizi zingine zote hazina rangi nyuma."

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na watu waliosoma, na hakuna swali lililokuwa zuri kama lile. Nilimwona Kikuni akifumba macho. Mdomo wangu ukajibu peke yake. "Ni kibao ya saluni, Patron. Itaning'inia ku barza. Watu wanapita huku na huku, wataona pande zote."

"Saluni ya nani?" akauliza Komanda kutoka kitini.

"Ya mudogo wangu Mwajuma. Pale nyuma ya soko. Anasuka wamama na kunyoa wanaume."

Mwajuma alikuwapo kweli, na kiti chake cha kunyolea kilikuwapo kweli. Kibao ndicho ambacho hakuwahi kukiomba. Komanda alinyoosha mkono, Miwani akampa kinyago. Alikiangalia uso kwa uso.

"Kibao gani ya saluni, na muntu mwenyewe hana nywele?"

"Ameshanyolewa, Komanda."

Alicheka. Mlinzi wake naye akacheka, kwa sababu mkubwa amecheka. Miwani hakucheka. Alisema kama ni kibao, basi kiandikwe. Komanda akaona ni wazo zuri, akanirudishia kinyago akaniambia niandike sasa hivi, aone.

Nikachovya nyekundu iliyobaki chini ya kopo. Maisha yangu yote nilikuwa naandika herufi zilizonyooka kuliko za mtu yeyote Kindu, hilo nalisema bila haya. Siku ile, juu ya mgongo ule ambao babu za Kikuni walikuwa wameushika, niliandika COIFFURE, yaani saluni kwa Kifaransa, kwa herufi zilizopinda. Buluu mbichi ilikuwa inateleza chini ya brashi, na kila nilipoikandamiza kidogo niliona utando unasogea. Nilipofika herufi ya mwisho nilikuwa nimelowa jasho mgongoni. Komanda akasema nimeandika vibaya, kwamba huko kwao mtoto wa shule anaandika vizuri zaidi. Nikamjibu ndiyo, Komanda. Wakaondoka na kuku wa Kikuni.

Kikuni aliketi chini. Alipopata nguvu alisimama. Kisha akasema, "Sasa itabidi uitundike kule." Nilikuwa natumaini atasema tukizike. Lakini alikuwa sahihi. Komanda alikuwa ameshasikia saluni na mahali.

Kwa hiyo kinyago kile kilitundikwa kwenye barza ya Mwajuma, mbele ya mlango wa saluni, kwa waya, mbele ya macho ya Kindu nzima. Mwajuma hakuambiwa chochote. Alifurahi sana, akasema, "Yaya, dada yangu, siku zote unaniletea majungu ya bure, leo umeniletea kitu." Na Komanda, kwa kuwa aliona kama ametoa mchango kwa saluni ile, akaanza kuja kunyolewa pale. Alikuwa anakaa chini ya kinyago chenyewe, kichwa kimejaa povu, upepo ukikigeuza juu yake, buluu, nyekundu, buluu. Kikuni alikuwa anapita kila asubuhi na hakuinua macho hata mara moja.

Hofu yangu ilikuwa Miwani. Mtu aliyeuliza swali lile angeweza kuamka siku nyingine na kuuliza la pili. Kinyago cha buluu kilichopakwa mbele na nyuma kilikuwa kimoja tu mjini, na kitu kilicho peke yake kinatazamwa. Basi nikaanza kutengeneza vingine. Nilichonga mwenyewe, vibaya, Kikuni akinirekebisha. Nilichora nyuso za moyo kwenye milango, kwenye kuta za baa, kwenye ndoo, kwenye mkokoteni wa muuza maji. Rangi ilipokwisha nilichanganya buluu ya kufulia nguo na gundi ya muhogo. Watu walidhani nimepata wazimu wa vita, kisha wakaanza kuzipenda, kisha wakaanza kuziomba. Wakati fulani Miwani alipita ateliyeni akasema mji mzima umejaa takataka hizi. Hakuna aliyewahi kunisifu kazi vizuri kuliko hapo. Hiyo, vijana wangu, ndiyo stili yangu. Nilikuwa naficha uso mmoja kati ya nyuso nyingi.

Kikuni alivuka mto kwenda Alunguli kutafuta muhogo, njaa ilipozidi. Asubuhi ile aliniachia visu vyake na nyuzi za ndevu zilizofungwa kwenye kitambaa. "Usiishushe mpaka mwenyewe akuje," akasema. "Na mwenyewe si kila mutu atakayesema njo yeye." Nikamwuliza nitamjuaje. Akasema nitamjua, kwa ule uso wake wa kuniongezea majani ya kulainishia. Hakurudi. Tulingoja, tukauliza watu wa mitumbwi, hakuna aliyejua. Sina kaburi la kuwaonyesha.

Vita viliisha jinsi vinavyoisha huku, yaani siku moja watu wengine walikuwa katika ofisi zile zile. Komanda alipanda ndege. Treni ilirudi, ikapotea, ikarudi. Mimi niliendelea kufanya kazi, na sehemu hiyo mnaijua, picha za ukutani, maonyesho, wageni. Lakini kinyago sikukishusha. Wanunuzi walikuwa hawajaisha, walikuwa tu wanavaa viatu vizuri zaidi na kusalimia. Walikuja watu waliosema ni wa ukoo wa Kikuni, wakisimama katikati ya ateliye wakiuliza ni kipi kati ya hivi. Niliwaambia vyote ni vyangu, na kwa maana fulani sikusema uongo.

Kila kiangazi nilipanda kwenye barza ya Mwajuma nikakipaka upya, ili mvua isiingie kwenye mbao. Mwajuma alinicheka kwamba nakipenda kibao kuliko ninavyompenda yeye. Kila nilipopaka niliogopa jambo lile lile. Chini ya matabaka yale, katika joto lile, ule mng'ao wa mikono ulikuwa unafanya nini? Nilijua rangi ya mafuta inashikana na mafuta yaliyo chini yake mpaka yanakuwa kitu kimoja. Nilijua kwamba siku ya kuivua, huenda ikavua na ngozi. Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Nilikuwa nimeokoa kitu kisinunuliwe, na huenda nilikuwa nakiua pole pole kwa brashi.

Mnakumbuka siku niliyofunga mlango wa ateliye mchana, mkaniuliza kuna nini nikawaambia nimechoka. Asubuhi ile walikuja wazee watatu kutoka Kama, kwa pikipiki, wamejaa vumbi hadi nyusi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Wakenge, mtoto wa yule kaka yake Kikuni aliyefia njiani. Hakuuliza ni kipi. Aliingia, akatembea polepole akiangalia nyuso zote za buluu ukutani, mpaka ya mwisho, kisha akasema, "Haiko hapa."

Nikajua kwamba ndiye mwenyewe. Nikampeleka kwa Mwajuma. Alisimama barabarani mbali kidogo na barza, akaangalia juu, akavua kofia. Wenzake wakavua zao. Mwajuma alidhani wamekuja kunyolewa.

Nikakishusha, tukarudi nacho ateliye, nikafunga mlango, nikatoa zile nyuzi za ndevu, nikawaeleza yote, kuanzia kopo la rangi. Mzee Wakenge akaniuliza kama naweza kuivua rangi. Nilimwambia naweza, na nikamwambia ninachoogopa. Akasema, "Vua tu, Mama." Nikapasha kijiko kwenye makaa, nikakilaza juu ya rangi mpaka ikalainika, nikakwangua kwa kipande cha chupa. Tabaka baada ya tabaka, kila kiangazi changu kikianguka sakafuni. Usoni pemba ilitoka pamoja na buluu. Nikakigeuza. Nilipofika tabaka la mwisho, la siku ile, rangi iliinuka kama ganda, na upande wake wa ndani ulikuwa wa kahawia, unang'aa. Mng'ao wote ulikuwa umebaki kwenye ganda. Chini yake mbao ilikuwa nyeupe na kavu, kama kitu kilichochongwa wiki iliyopita.

Nililia mbele yao. Nilisema nimekiharibu. Nikachukua kikombe cha mawese niliyokuwa nimeweka kando, nikitaka kupaka haraka haraka ule weupe ufiche aibu, kama fundi yeyote. Mzee Wakenge akanizuia mkono.

"Tulikuwa tunaogopa tutasikia iko Ulaya," akasema.

Akakichukua. Akachovya vidole kwenye mawese, akaupaka mgongo pole pole, kwa gumba, kutoka juu hadi chini, kama anayemkanda mtoto. Akampa mwenzake. Mwenzake akapaka, akampa wa tatu. Mimi nilikuwa nimekusanya maganda ya rangi kwenye nguo yangu, sijui niyapeleke wapi. Kisha nikaona kinyago kimenyooshwa kwangu.

"Hapana, Muzee," nikasema. "Mi si wa Bwami. Mi ni mwanamuke wa Mikelenge, mutoto ya mwalimu."

"Tangu Kikuni apotee, nani alikuwa anashika hii kitu?"

"Mimi."

"Basi hatuwezi kukuruka."

Akanimiminia mawese kiganjani. Nikapaka pale mgongoni palipokuwa na herufi zangu, nikapaka na kingo, na muda ulipita kabla sijagundua kwamba mtu alikuwa anabisha mlangoni na mimi, tofauti na siku za buti, sikuwa nimeacha kupumua.